Thirza Bagshaw na Herufi Zilizouzwa Moja Moja

Jumatatu ya wiki ya kupamba chemchemi, mwaka 1989, saa tatu asubuhi, Thirza Bagshaw aliingia kwenye kiwanda cha uchapaji cha Swindell kuchukua herufi zake, akazikuta zimo ndani ya vikapu vya matunda.

Vikapu hasa, vya kusukwa, vimefungwa utepe wa kijani kwenye mpini. Juu yake kibao: "Jipatie herufi ya jina lako." Ndani, herufi za mti mgumu, kila moja ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, nyeusi tii kwa wino wa miaka mia moja, zimelazwa chali, zimebebana ovyo ovyo. Mama mmoja mgeni, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, alikuwa anazichambua kama anayetafuta parachichi lililoiva.

"Samahani, dada," akamwambia Thirza, kwa kuwa Thirza alikuwa na aproni, "G nyingine hamna? Hii imechakaa."

"Imechakaa?"

"Si unaona, ina kovu hapa."

"Hiyo imetangaza kifo cha malkia mmoja na wafalme watatu," Thirza akasema. "Imetangaza vita viwili na kwisha kwavyo. Wewe na miwani yako mmetangaza nini?"

Yule mama akairudisha G kikapuni polepole, kama mtu anayerudisha mfupa kwa mbwa, akachukua H, akaenda kulipa.

Thirza alikuwa na miaka sitini na miwili, mfupi, mpana, na vidole ambavyo ncha zake hazikuwahi kuwa nyeupe tangu akiwa na miaka kumi na minne. Kule Stannerdale, kwenye vilima vya Derbyshire, watu walisema ana hasira. Walikosea. Alikuwa na hasira moja tu, ya zamani, aliyoitunza vizuri, na kila mwaka kulitokea mjinga wa kuipaka mafuta.

Wachapaji wa Uingereza wana neno lao la kale, fount. Huliandika na u katikati, na wakilitamka hiyo u wanaimeza, na asiyeimeza wanamjua papo hapo kuwa si mwenzao. Kwa kasisi na kwa watunga tenzi, neno hilo ni chemchemi. Kwa mpanga herufi ni ukoo mzima: herufi zote za sura moja na kimo kimoja, A mpaka Z, pamoja na nukta, mkato, na ile alama ya mshangao ambayo mzee Hedley Swindell alikuwa nayo moja tu kwa sababu, alisema, hakuna jambo la Stannerdale linalostahili mbili. Ni huyo Hedley aliyemfundisha Thirza kwamba hayo yalikuwa maneno mawili tangu zamani, moja la maji yanayobubujika, jingine la risasi inayoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Yakakutana njiani, yakavaa koti moja. Mteja mmoja mjuaji aliwahi kubisha kuwa herufi za mti hazimiminwi, zinachongwa, kwa hiyo hazistahili jina hilo. Thirza akamwuliza kama mtoto wa kulea si mtoto. Mjuaji akalipia kadi zake za harusi, akatoka.

Aliingia kiwandani mwaka 1941, wanaume walipochukuliwa vitani na Hedley akabaki na mashine tatu na mlevi mmoja. Wiki ya kwanza akaharibu. Alipewa ukurasa uliokwisha kuchapwa azirudishe herufi zake za risasi, moja moja, kwenye vijumba vyake, naye akazirudisha kwenye kasha la jirani, la fount nyingine iliyofanana nayo kama pacha. Hedley hakupiga kelele. Alilibeba lile kasha, akalimwaga mezani lote, herufi elfu na ushee, akamwekea kioo cha kukuzia na kikombe cha chai.

"Zitenganishe," akasema.

"Mbona zote sawa?"

"Ukishaona haziko sawa, niite."

Ilimchukua siku tisa. Siku ya nne alilia. Siku ya sita alimtukana Hedley kimoyomoyo kwa maneno aliyoyasikia machimboni kwa baba yake. Siku ya tisa akaona: tumbo la a moja lilikuwa limeshiba kidogo kuliko la mwenzake. Kitu chembamba kuliko unywele. Tangu hapo hakuweza tena kutoona. Herufi ya ukoo mwingine ikijipenyeza kwenye mstari, hata ikiwa kwenye bango la ng'ambo ya barabara, ilimchoma jichoni kama punje ya mchanga. Kiwandani waliiita mgeni, na kazi ya Thirza ikawa kuwafukuza wageni.

Vita vikaisha, wanaume wakarudi, na chama chao cha wafanyakazi kikatamka kuwa mwanamke kwenye kasha la herufi ni wa muda. Basi Hedley, ambaye hakutaka ugomvi na hakutaka kumpoteza, akaandika kwenye kadi yake ya kazi: "wa muda." Muda wenyewe ukawa miaka arobaini na minane. Katika muda huo alifundisha vijana wanane wa kiume kazi asiyoruhusiwa kuwa nayo. Kijana alipofuzu, au mzee alipostaafu, ilikuwa desturi kumpigia vyuma: kila mtu hushika nyundo, mti, kipande cha chuma, chochote kilicho karibu, na kugonga meza na mashine kwa nguvu zake zote mpaka vumbi lidondoke darini, huku yule anayeagwa akipita katikati kwenda mlangoni. Thirza aliwapigia vyuma wanane walioingia na watano waliotoka. Yeye hakupigiwa. Mtu wa muda anapigiwaje vyuma? Anaingia lini, anatoka lini?

Mwezi Machi wa 1989 Hedley alikufa, na kiwanda kikamwangukia mtoto wa kaka yake, Rupert, aliyekuwa London miaka kumi na mitano akiuza kitu fulani kinachouzwa kwa simu. Rupert aliuza mashine kwa mnunua vyuma chakavu, akapaka kuta rangi ya maziwa, akaweka dirishani chemchemi ya plastiki inayosukuma maji yale yale kwa umeme kutwa nzima, na juu ya mlango akaandika jina la duka lake jipya la zawadi: The Fount. Alilitamka bila kumeza u.

Herufi kubwa za mti alimwahidi Thirza hazitaguswa mpaka sikukuu ipite. Hilo ndilo jambo pekee Thirza aliloomba. Kila Juni, mbao za chemchemi ya Stannerdale hupakwa udongo mbichi, na juu ya udongo huo watu hutengeneza picha kwa petali za maua, petali moja baada ya nyingine, siku tatu. Maneno ya juu hayachorwi kwa mkono. Huchapwa kwanza kwenye karatasi kwa zile herufi za mti, karatasi ikalazwa juu ya udongo, na akina mama wenye sindano wakadonoa ukingo wa kila herufi; karatasi ikiondolewa, vitundu vinabaki kuonyesha umbo, na umbo linajazwa koni, yale matunda makavu, madogo na meusi, ya miti ya mtoni. Mwaka huu ubao ulikuwa unatimiza miaka mia, na kamati ya sikukuu ilikuwa imerudisha maneno ya ubao wa kwanza kabisa, wa siku maji ya kilimani yalipofikishwa uwanjani kwa bomba: MAJI YA WOTE. Huko London serikali ilikuwa mbioni kuyauza mashirika ya maji kwa wenye fedha. Mwenyekiti wa kamati, aliyeipigia kura serikali hiyo mara tatu, hakuona ubaya wowote. Alisema ni maneno mazuri, mafupi.

Udongo ungepakwa Jumanne. Kudonoa ni Jumatano asubuhi, kabla uso haujakauka. Na Thirza alikuwa amekwenda kwa dada yake mwisho wa wiki. Siku mbili tu.

"Bata wangu!" Rupert akatokea nyuma ya pazia, mikono wazi. "Umependa?"

Watu wa huko huitana bata kwa mapenzi, mwuza nyama na jaji sawasawa. Rupert alilisema kama mtu aliyevaa kofia ya babu yake ili apigwe picha.

"Usiniite bata. Nani kakuruhusu kuzigusa?"

"Bi Thirza, hizi zimekuwa kipenzi cha watu! Nilidhani zitauzwa kadi na mishumaa, lakini watu wanataka herufi. Wanapachika ukutani. Tangu Jumamosi nimeuza kumi na tisa!"

Alisema kumi na tisa kama mzazi anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.

"Uliniambia mpaka sikukuu ipite."

"Nilisema hivyo? Lakini sikukuu ndiyo wateja wenyewe. Na tazama, zimebaki tele."

"Zilikuwa sitini na nane, Rupert. Hazijabaki tele. Hazijabaki kabisa. Ukoo huu ulikuwa unaandika neno lolote ambalo kijiji hiki kiliwahi kutaka kulisema. Sasa una kuni."

"Lakini nani siku hizi anaandika, Bi Thirza?"

Aliuliza kweli, bila kejeli, na hilo ndilo lililomwuma. Kejeli angeijibu.

"Na nimeliheshimu neno lenyewe," Rupert akaendelea, akimwonyesha ubao mweusi ukutani, ulioandikwa kwa chaki na maua pembeni. "Nimefanya utafiti. Moja, chemchemi. Mbili, asili ya mambo mema. Tatu, seti ya herufi za mchapaji. Tatu zote nimeziweka!"

"Umesahau ya nne."

"Ipi?"

"Kikapu cha mjinga."

Rupert akacheka, kwa kuwa alikuwa amesoma mahali fulani kwamba wazee wa vijijini wana ucheshi mkavu. "Kwa ajili ya ubao, mimi nitakuchapia maneno yako kwenye kompyuta. Nina font arobaini humo ndani. Arobaini! Chagua uipendayo."

"Unazo arobaini na huwezi kuishika hata moja," Thirza akasema, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati, Clement Ollerenshaw, meneja wa benki mstaafu, mtu aliyezungumza kana kwamba mbele yake daima kuna mtu anayeomba mkopo. Mkewe, Audrey, alileta chai na chapati za oti zenye jibini. Thirza hakuzigusa.

"Mwambie arudishe zilizobaki na azitafute zilizouzwa," alisema.

"Bi Thirza, kijana ana haki. Ni mali yake."

"Ni fount. Haigawanyiki."

"Kila kitu kinagawanyika," Clement akasema kwa upole wa kibenki. "Si uchore tu kwa mkono? Au hiyo kompyuta. Nani atajua?"

"Mimi."

"Mbali na wewe."

"Udongo utajua," Thirza akasema, jibu ambalo hata yeye hakulielewa, ila lilimridhisha. Kisha akaomba kwenda msalani, kwa sababu hasira humwita mtu wa umri wake kwa namna hiyo.

Na pale, kwenye mlango wa choo wa familia ya Ollerenshaw, kwa urefu wa macho, iliganda A yake. Imepakwa rangi ya waridi. Imepigwa skrubu ya shaba katikati.

Alisimama akiitazama mpaka akasahau kilichomleta.

"Umeiona!" Audrey akasema kwa furaha nyuma yake. "A ya Audrey. Nimeinunua Jumamosi. Imekaa vizuri na vigae, sivyo?"

"Audrey, ing'oe."

"Aa, bata, nimeshailipia."

"Nitakurudishia fedha yako sasa hivi."

"Si fedha. Inapendeza." Audrey akamgusa mkono. "Clement ananiambia siku hizi una msongo. Pole, mama."

Thirza akarudi nyumbani bila kuaga, na njiani alimpita kasisi bila kumwona, jambo ambalo kasisi alilisimulia kwa wiki nzima.

Jumanne, saa tano, duka limejaa. Basi la watalii kutoka Nottingham lilikuwa limeshusha watu arobaini waliokuja kuona maandalizi. Thirza akaingia na aproni yake ya kazi, ile nyeusi, mikono imekunjwa juu ya kiwiko. Juu ya kaunta ilikuwapo droo yenyewe ya zile herufi, droo pana ya mwaloni yenye vijumba vyake, ambayo Rupert alikuwa ameijaza peremende. Thirza akaiinua upande mmoja. Peremende zikamiminika sakafuni kama mvua ya mawe.

Kisha akavuta kikapu cha kwanza, akaanza kuzirudisha.

Mpanga herufi akirudisha herufi zake hatazami mikono. Mikono inajua. Thirza alichota herufi nne kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukaruka, ukatua, ukaruka, ukatua, ka, ka, ka, mti juu ya mti, kila herufi kwenye kijumba chake, uso juu, miguu kwake. Watu wakasogea karibu. Mtu mmoja aliyekuwa ameshika K mkononi akaletewa kiganja kilichofunguliwa, bila neno, na akaitoa kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Mama mwingine alikuwa na E mbili tayari ndani ya mkoba. Kiganja kile kile. Akazitoa.

"Ni maonyesho," mtu akanong'ona. "Wamemleta mzee wa kazi hasa."

"Tazama mikono hiyo!"

"Mwanangu, njoo uone watu wa zamani walivyokuwa wakifanya."

Kamera zikaanza kubofya. Rupert, aliyekuwa ametoka nyuma ya pazia uso umemshuka, akasikia zile kamera, na uso ukapanda tena.

"Mabibi na mabwana," akapaza sauti, "Bi Thirza Bagshaw! Miaka arobaini na minane ya ufundi! Bi Thirza, je, kila Jumamosi? Nitakutafutia na kofia ya zamani."

Thirza akarudisha herufi ya mwisho. Vijumba kumi na tisa vilibaki wazi, akaviona vyote kwa mara moja, kama ulimi unavyoona mahali pa jino lililong'oka. Akaingiza mikono chini ya droo, akaiinua, ikalala kifuani mwake, na akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Hapo ndipo wakapiga makofi. Watu arobaini wa Nottingham, waume kwa wake, wakaacha njia katikati na kupiga makofi, wengine wakigonga kaunta kwa viganja, mtoto mmoja akipiga kopo la biskuti kwa kijiko cha kuuzwa, na Rupert mwenyewe akipiga kuliko wote, mikono juu ya kichwa. Vikombe vikatikisika kwenye rafu. Thirza akapita katikati ya kelele ile, na kwa hatua tano hivi alijua hasa ni kitu gani anafanyiwa, na nani wanakifanya, na kwa sababu gani, na machozi ya hasira yakamjaa na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Miaka arobaini na minane. Akapigiwa vyuma na basi la watalii.

Alikuwa amevuka uwanja, amepita chemchemi, ndipo Rupert alipomfikia akihema.

"Bi Thirza, ilikuwa nzuri mno. Sasa droo turudishe, eh?"

"Niitie polisi."

"Ala! Si lazima tufike huko."

"Mwambie polisi nimekuibia mbele ya watu arobaini. Wakikuuliza ulifanya nini, waambie ulipiga makofi."

Rupert akatazama nyuma, dukani, ambako watu wa Nottingham walikuwa wanamsubiri wakiwa na fedha mkononi, wakiulizia ubao ule wa chaki kama nao unauzwa. Akarudi dukani. Hakuja tena kuulizia.

Mashine kubwa zilikuwa zimeuzwa, lakini uani kwa Thirza kulikuwa na kimashine kidogo cha mkono cha kuchapia nakala za kukagua, ambacho Hedley alimwachia zamani kwa kisingizio cha kukosa nafasi. Jumanne mchana akapanga maneno. W ilikuwapo. O, T, E, zote. A, katika tano, iliyobaki ni moja.

Maneno yalihitaji mbili.

Alikaa nayo mbele yake mpaka chai ikapoa. Kwenye banda lake alikuwa na A nyingine, ya mti vile vile, kimo kile kile, kutoka kwenye mabaki ya fount iliyofilisika ya mchapaji wa Buxton. Aliichukua, akaiweka kwenye nafasi, akasimama mbali. Mtu yeyote angesema ni pacha. Ila mguu wake wa kulia ulikuwa mnene kidogo, kama mtu aliyevaa soksi mbili. Mgeni. Akaitoa, akairudisha bandani na kufunga mlango kwa komeo, kana kwamba ingemfuata.

Akachapa karatasi na pengo.

Jumatano, kwenye ghala zilimowekwa mbao za chemchemi, akina mama wenye sindano walidonoa mpaka walipofika kwenye pengo, wakainua vichwa.

"Thirza, bata, hapa umeruka."

"Sijaruka."

"Tudonoe kwa kukisia? A kila mtu anaijua."

"Atakayedonoa hapo nitamdonoa yeye."

Wakacheka, kisha wakamtazama usoni, wakaacha kucheka. Petali zikapangwa: bluu za maji, nyeupe za mawingu, njano za kitu ambacho Clement alisisitiza ni jua na wengine wote walidhani ni yai. Koni nyeusi zikajaa kwenye kila herufi. Pengo likabaki udongo mtupu. Clement alipita mara mbili, akauliza kama mambo yanakwenda, akaambiwa yanakwenda. Alikuwa na shughuli ya kupanga maegesho ya magari, kazi aliyoipenda kuliko sikukuu yenyewe.

Jumamosi saa nane, bendi ya matarumbeta ikiwa imesimama juani, kasisi akavuta kitambaa, na Stannerdale yote pamoja na wageni mia sita wakasoma:

MAJI Y   WOTE

Udongo wa pengo ulikuwa umepasuka kwa kukauka, ufa mmoja mwembamba kutoka juu mpaka chini. Bendi, ambayo ilikuwa imeambiwa ianze kitambaa kikishuka, ikaanza, ikasita, tarumbeta moja likaendelea peke yake kidogo likanyamaza.

"Bi Thirza!" Clement akanguruma, uso mwekundu kama nyama ya duka. "Aibu gani hii? Miaka mia moja! Herufi iko wapi?"

Thirza alikuwa amesimama kando ya hori la mawe linalopokea maji ya chemchemi, mikono imefumbatwa. Hakupaza sauti. Hakuhitaji, watu wote walikuwa kimya.

"Iko chooni kwako, mwenyekiti."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Kikampata wa pili.

"Samahani?"

"Imepigwa skrubu kwenye mlango. Kwa urefu wa macho. Nyingine kumi na nane ziko wapi sijui, zimekwenda na magari yenu," akawageukia wageni, "mkifika nyumbani mkiona herufi nyeusi mahali pazuri, ya jina lako, ya mtoto wako, jua haiandiki kitu. Haitaandika kitu tena. Na hapa patakaa hivi hivi wiki nzima."

Kicheko kikafika mbele, kikavunjika, kikawa kitu kingine. Kasisi akatazama viatu vyake. Rupert, aliyekuwa amesimama na rafiki zake wa London, akaanza kupiga makofi kwa mazoea, akaona yuko peke yake, akaingiza mikono mfukoni.

Audrey Ollerenshaw aligeuka, akapenya watu, akaelekea nyumbani kwake kwa mwendo wa haraka wa mwanamke aliyevaa viatu vibaya. Kasisi, ili kuziba kimya, akaombea maji kwa maneno mengi kuliko kawaida. Alikuwa bado anaomba Audrey aliporudi, jasho linamtoka, kofia imekaa upande, A mkononi. Skrubu ilikuwa bado imo ndani. Alikuwa ameing'oa pamoja na kipande cha mlango.

"Haya," akasema, bila kumtazama Thirza. "Chukua."

Thirza akaipokea. Hakusema asante. Akaigeuza usoni, akaona tundu la skrubu mahali ambapo mstari wa A unakatiza, na rangi ya waridi imejaa kwenye ufa wa mti. Akaisugua kwa kidole gumba. Rangi haikutoka.

Akapanda kwenye ngazi ndogo ya mpiga picha mmoja, akaitia ile herufi yenyewe ndani ya udongo, mti, rangi, skrubu na kipande cha mlango wa Ollerenshaw, akaisukuma kwa kiganja mpaka ikakaa. Ilikuwa imegeuzwa, kama herufi zote za mti zilivyo, lakini A haijali kugeuzwa. Kisha akashuka, akaenda zake, na matarumbeta yakapata ruhusa ya kuendelea.

Wiki ikapita, petali zikanyauka, udongo ukavunjwa ukarudishwa mtoni. Thirza akaichukua A yake, akaikwangua, akang'oa skrubu, akaipaka wino na kuichapa kwenye kipande cha karatasi. Tundu likatokea katikati, jeupe, duara, wazi kama jicho. Ingewezekana kulijaza nta. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza. Hakulijaza.

Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, akichapa uani matangazo ya mnada wa kondoo na maonyesho ya maua, kwa maneno yasiyohitaji zaidi ya A mbili. Mara nne au tano kifurushi kilikuja kwa posta kutoka Leeds au Norwich, bila barua, na herufi ndani. Alizirudisha kwenye vijumba vyake bila kusherehekea. Watu waliokwenda kwake na tangazo walimwuliza kila mara, Bi Thirza, hii A ina dosari?

"Ina skrubu," aliwajibu. "Muulizeni mwenyekiti."